Mtoto wa Kupeleka Maneno

Maneno haya niliyasema Dar es Salaam, mbele ya washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii waliokuwa wanamaliza mafunzo yao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, nikaongeza kidogo pale muda uliponibana.

Asalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mliokaa huku mbele, shikamooni. Walimu, nawashukuru kwa kunikumbuka. Na ninyi wadogo zangu mnaohitimu leo, hongereni sana.

Nimeombwa nieleze nilivyoingia katika kazi ya ushauri wa familia. Watu wengi swali hili hulijibu kwa vyeti: nilisoma hapa, nikaenda pale, nikatunukiwa hiki. Vyeti vyangu nitavipitia haraka, maana kazi hii sikuianzia darasani. Niliianza nikiwa na miaka 11, Tanga, Ngamiani, bila mshahara na bila kujua kwamba ni kazi. Na ilinibidi niiache kwanza, ndipo nikaweza kuifanya sawasawa. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo.

Lakini kabla sijaendelea, habari za wazazi wangu nitakazozisema hapa nimeziombea ruhusa kwa mama. Baba ametangulia mbele ya haki. Nilipomwomba mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Waambie. Lakini uwaambie cherehani ilikuwa ya miguu, siyo ya mkono." Basi naomba tulishike hilo: cherehani ilikuwa ya miguu.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo ya majani inayoingia korona, ule mtambo unaokamua jani la mkonge mpaka zikabaki nyuzi. Wenzangu wa Tanga wanaujua mlio wake. Mkonge ndio uliotujengea mji, ukasomesha watoto, ukaleta watu kutoka kila pembe ya nchi na nje ya nchi. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000, ikiongoza duniani. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, na kufikia miaka ya 1980 mashamba mengi yalikuwa yameota majani. Nawatajia haya kwa sababu utotoni nilidhani ugomvi wa nyumbani kwetu ulianzia nyumbani kwetu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba bei ya kamba katika soko la mbali inaweza kuingia mpaka chumbani kwa mume na mke, ikawakalia katikati ya kitanda.

Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake aliinunua kwa fedha ya upatu, zamu yake ilipofika, akajazia na akiba ya vitumbua. Ilikaa karibu na dirisha la ukumbini. Mwaka 1985 mshahara wa baba ulichelewa, ukachelewa tena, madeni yakamfika shingoni. Mama akaenda Pangani msibani, siku tatu. Aliporudi, pale dirishani palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na baina yake vumbi jembamba ambalo hakuna aliyelifagia. Baba alikuwa ameiuza.

Mama hakupiga kelele. Hakurudi kwao, hakuita wazee. Alivua baibui, akaingia uani, akawasha moto, akapika. Chakula kilipoiva akaniita mimi. "Mwambie baba yako chakula tayari."

Nikatoka uani, nikapita ukumbini, nikafika barazani alipokaa baba. Zilikuwa hatua 14. Nilikuja kuzihesabu baadaye, kwa kuwa nilizipita mara nyingi mno. "Baba, mama anasema chakula tayari." Baba akajibu, "Mwambie nakuja."

Mwaka mzima na miezi juu yake, wazazi wangu hawakusemezana isipokuwa kwa mdomo wangu. Mwambie baba yako unga umekwisha. Mwambie mama yako nitachelewa. Mwambie baba yako mjomba wake amekuja. Walikuwa wanalala nyumba moja, wakati mwingine wamekaa hatua mbili tu baina yao, na mimi nasimama kati nageuza shingo huku na huku.

Nikawa hodari. Mama akisema, "Mwambie huyo mtu kama anakula aje ale," mimi nikifika barazani nasema, "Baba, mama anasema karibu chakula." Baba akisema, "Mwambie sina hela, anataka niibe?" mimi nikirudi uani nasema, "Baba anasema subiri kidogo." Nilikuwa nachuja maneno kama mtu anayechuja tui: machicha nabaki nayo mimi. Majirani wakawa wananisifu. Huyu mtoto ana busara, huyu mtoto ni mtu mzima. Nami sifa zile nilizipenda. Ninawaomba mzishike, kwa sababu mtakutana na watoto wa namna hiyo ofisini kwenu, waliokaa kitako kimya, mikono mapajani, wanaamkia kila mtu, na mtataka kuwasifu. Waangalieni vizuri kabla hamjawasifu.

Jioni moja baba aliniita barazani. Hakuwa ananiangalia, alikuwa anaangalia barabarani. Akasema, "Mwambie mama yako namtaka radhi."

Nilikimbia. Hatua 14 zile sikuzihisi. Mama alikuwa anakuna nazi, amekalia mbuzi. Nikamwambia. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikaisha, akakiweka chini, akasema, "Mwambie, anayetaka radhi ana mdomo wake."

Ndugu zangu, neno lile lilikuwa la haki kabisa. Leo mteja wangu akisema hivyo nitashukuru. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimechoka. Nilirudi barazani nikamwambia baba, "Amekubali."

Baba akainuka, akapiga maji uso, akaja uani akakaa mkekani karibu na mama, na akatabasamu. Mama akamtazama kama mtu aliyemwona mwivi, akasimama, akaingia ndani na kufunga mlango. Baba aligeuka akanitazama mimi. Hakusema kitu. Kesho yake akaenda kulala shambani kwenye nyumba za wafanyakazi, na ikapita miezi kabla hajarudi kulala nyumbani. Nilijua kwamba ni mimi niliyemfukuza. Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mwanamke mzima mwenye watoto.

Aliyetutoa pale hakuwa na cheti chochote. Alikuwa somo yake mama, yule aliyemcheza unyago, kizee cha Pangani chenye fimbo na sauti nzito. Habari zilimfikia, akapanda basi, akaagiza baba aitwe shambani. Alasiri moja wakakaa ukumbini watu watatu, na mimi wa nne, nimesimama mahali pangu pa siku zote. Mama akaanza, "Mwambie..." Bibi Somo akamkata. "Nimwambie nani, na yeye ana masikio?" Kisha akanigeukia. "Na wewe nani kakuita? Nenda ukacheze."

Nilikasirika. Niliona nimepokonywa cheo. Nilijibanza mlangoni nisikilize, akanifukuza tena, kwa fimbo safari hii. Nikaenda mtaa wa pili nikakuta wenzangu wanacheza rede, nikaingia. Nilicheza mpaka adhana ya magharibi. Niliporudi nyumbani miguu imejaa vumbi, baba alikuwa anakula uani, na mama alikuwa anamsemesha. Alikuwa anamsema, kwa kweli, na kwa ukali. Lakini alikuwa anamsema yeye.

Hawakuwa wanandoa wa kupigiwa mfano baada ya hapo. Cherehani nyingine ilipatikana baada ya miaka minne. Waliishi, wakagombana, wakanyamaza, wakasemezana. Ila tangu siku ile mwishoni mwa mwaka 1986 sikubeba neno la mmoja kumpelekea mwenzake.

Sasa vyeti. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi wilaya ya Muheza. Na huko ndiko kulikotokea jambo linalonifanya nisimame hapa leo bila majivuno yoyote. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne (nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili asitambulike) ambaye kila Jumatatu hakuja shule. Jumanne akija anasema tumbo lilimuuma. Zahanati hawakuona kitu. Nikamwonya, nikamwonya tena, mara ya tatu nikamchapa. Viboko vinne. Hakulia, alisema, "Asante mwalimu," kama tulivyowazoesha kusema.

Jumatatu iliyofuata nilimfuata kwao. Baba yao alikuwa anafanya kazi mbali, anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili usiku. Na kila akiondoka, mama hainuki kitandani siku nzima. Yule mtoto alikuwa jikoni anakoroga uji. Tumbo lilikuwa linamuuma kweli. Lilianza kumuuma Jumapili jioni, baba akianza kufunga mkoba.

Niliporudi shuleni niliiweka fimbo kabatini na sikuishika tena. Nikaanza kuwatembelea wanafunzi majumbani baada ya kazi, mmoja mmoja. Sikujua kwamba kuna mwalimu mwingine aliyewahi kufanya hivyo kabla yangu, mbali sana na Muheza. Virginia Satir alizaliwa mwaka 1916 Wisconsin, Marekani, kwenye familia ya wakulima. Alisimulia kwamba akiwa na miaka 5 aliamua akikua atakuwa mpelelezi wa kuwachunguza wazazi, kwa kuwa aliona nyumbani kuna mambo mengi yanayoendelea ambayo kwa macho hayaonekani. Akaanza kazi kama mwalimu wa shule, akawa anawafuata wanafunzi makwao. Baadaye akasomea ustawi wa jamii. Kitabu chake kuhusu kuitibu familia nzima kwa pamoja kilitoka mwaka 1964, na leo anahesabiwa miongoni mwa walioasisi taaluma hii.

Kuna kisa chake nakipenda. Mwaka 1951 alikuwa anamtibu binti mmoja peke yake, binti anaendelea vizuri, ikapigwa simu: mama yake anatishia kumshtaki Satir kwa kumtenga na mwanawe. Mwingine angeogopa, au angejibu kwa hasira. Satir alisikia ndani ya tishio lile mtu anayeomba asiachwe nje, akamwambia mama naye aje. Mama alipoingia, binti akarudi vilevile alivyokuwa siku ya kwanza. Ikabidi waanze upya, wawili. Kisha akaitwa baba, mambo yakavurugika tena, wakaanza upya watatu. Kisha kaka. Mnaona? Alikuwa anafungua mlango baada ya mlango, na kila mlango ulimwonyesha kwamba nyumba ni kubwa kuliko alivyodhani.

Mimi niliacha ualimu nikaja Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Nikahitimu, nikaajiriwa kama ofisa ustawi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nasaidia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Ninyi mnaijua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101: ukiacha hali chache zilizotajwa humo, huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani kabla hamjapita kwenye baraza. Mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Nia ya sheria ni njema. Inataka watu wakae kwanza waelewane. Lakini nilichokiona mezani ni kwamba wengi walikuja kutafuta fomu namba 3, ile ya kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana, na sisi tulikaa kama mahakama ndogo tukiuliza nani mkosaji.

Siku moja waliletwa mume na mke, na kati yao mtoto wa kiume wa miaka 9. Ameletwa kama shahidi. Akaulizwa mbele ya watu wazima saba, "Sema kweli, baba yako analala wapi?" Mtoto akamtazama mama. Akamtazama baba. Akasema, "Baba anasema anafanya kazi usiku." Akalichuja.

Niliona uso wangu. Nikamwomba mwenyekiti mtoto atoke nje. Mwenyekiti, mzee mwema mwenye heshima zake, akasema hapana, mtoto hasemi uongo, ngoja tumsikie. Nikamwomba mara ya pili. Akakataa. Nikaenda nikamshika mtoto mkono, nikatoka naye, nikamnunulia muhogo wa kuchoma kando ya barabara tukakaa chini ya mwarobaini. Nililaumiwa sana, na kwa utaratibu wa kikao walikuwa na haki ya kunilaumu. Lakini nilipokuwa pale chini ya mti nilijua kwamba natakiwa kusoma zaidi. Nilijua tu kumtoa mtoto nje. Sikujua cha kufanya na wale wawili waliobaki ndani.

Mwaka 2009 nikaenda Nairobi kusomea tiba ya familia. Mwalimu wetu, mama wa makamo mpole sana, alitupa kazi ya kwanza: kila mmoja achore ukoo wake, vizazi vitatu. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya kukatiza kwa aliyefariki, mstari wa kupindapinda kwa wanaogombana. Tulipewa karatasi moja kila mtu. Mimi babu yangu mzaa baba alikuwa na wake watatu, mama alilelewa na shangazi yake, na nyumbani kwetu walikuwepo watoto wawili wa ndugu ambao mpaka leo nawaita kaka zangu. Nikaomba karatasi ya manila. Nikaomba ya pili.

Mniruhusu hapa nitoke kidogo njiani, maana jambo hili linanigusa. Vitabu vingi tunavyosoma viliandikwa kwa ajili ya nyumba yenye baba, mama na watoto wawili. Kwetu familia ina wifi, ina mama mkwe, ina mjomba ambaye bila yeye posa haipokelewi, ina babu anayemwita mjukuu wa kike "mke wangu" na kwa utani huo akamfundisha mambo ambayo baba yake hawezi kumfundisha. Na ina dada wa kazi. Msimsahau dada wa kazi. Yeye ndiye anayesikia kila kitu, na siku hizi katika nyumba nyingi yeye ndiye mimi wa mwaka 1985: "Mwambie baba hela ya gesi." Mkikaa na familia msiulize tu nani ni nani. Ulizeni, nyumba hii nani akikohoa watu hunyamaza? Nani akiwa na siri anampelekea nani? Hapo mchoro utaanza kusema.

Katika mchoro wangu mwalimu aliweka kidole pale kwenye mraba wa baba, duara la mama na duara langu, akauliza, "Hapa kuna nini?" Akatufundisha habari za Murray Bowen, daktari mzaliwa wa Tennessee, wa kwanza katika watoto watano, aliyekuwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili kisha akageukia magonjwa ya akili. Katika miaka ya 1950 aliwaweka wodini wagonjwa pamoja na wazazi wao, akawaangalia wanavyoishi. Moja ya mambo aliyoyaona ni hili: watu wawili wakizidiwa na joto baina yao, humvuta wa tatu. Akaiita pembetatu. Uhusiano wa wawili hutikisika. Ukimwingiza wa tatu, unatulia.

Mimi nilipoisikia pembetatu niliona mafiga. Sisi tuliopikia kuni tunajua kwamba chungu hakikai kwenye mawe mawili. Unatafuta la tatu, dogo, lolote lililo karibu, unaliingiza, chungu kinatulia. Na chakula kitapikwa, na watu watakula, na watasifu jiko. Lakini lile jiwe dogo liko motoni.

Bowen alifanya jambo jingine lililonipa ujasiri. Mwaka 1967, huko Philadelphia, mbele ya wataalamu wenzake waliotarajia awasomee mada ya nadharia, aliwasimulia jinsi alivyorudi kwao Tennessee kuutengeneza uhusiano wake na wazazi na ndugu zake mwenyewe. Maelezo yale yalipochapishwa mwaka 1972 hayakutiwa jina la mwandishi. Na aliwasisitiza wanafunzi wake nao warudi makwao, wafanye kazi hiyo kwanza.

Nilidhani yangu nimeshaimaliza. Kisha nikapata wateja wangu wa kwanza wa mafunzo, mume na mke. Kikao kilirekodiwa kwa idhini yao. Kilikwenda vizuri mno, nilitoka kifua mbele: hakuna aliyepandisha sauti, wameondoka wanatabasamu. Mwalimu akanipa kinasa sauti na kalamu. "Sikiliza, na kila utakaposema 'mwenzako anachomaanisha ni kwamba', piga kistari."

Dakika 50. Nilipiga vistari 31.

Mume alikuwa anasema neno gumu, mimi nalipokea, nalichuja, namkabidhi mke likiwa laini. Mke anajibu kwa uchungu, mimi naondoa uchungu, nampa mume maji matupu. Na kiti changu nilikuwa nimekiweka katikati yao, mbele kidogo, hata wasionane sawasawa bila kunitazama mimi. Nilikaa nikaisikia sauti yangu kwenye kile kinasa, na kila kistari kilikuwa hatua zile za kutoka uani kwenda barazani. Nilikuwa na miaka 35, na bado niko kazini.

Mwalimu hakunikemea. Aliniuliza tu, "Uliogopa nini kingetokea kama angemsikia?" Nikajibu kabla sijafikiri: "Angeondoka akalale shambani." Nililia pale mbele yake, na yeye akasubiri.

Wiki iliyofuata nilisogeza kiti changu pembeni. Ni kitu kidogo hicho, kiti. Mke akaanza, "Mwambie mume wangu kwamba..." nikasema, "Yupo hapo, mama. Mwambie mwenyewe." Palikuwa na kimya kirefu sana, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka chini ya daftari. Kisha akamwambia. Lilikuwa neno baya, na mume akalia, na wakaendelea.

Naomba nisieleweke vibaya. Siyo kila nyumba mtu anaweza kuambiwa "mwambie mwenyewe." Kama kuna kipigo, kama mke akisema ukweli mbele yako leo usiku ataulipia, usiwaweke chumba kimoja. Hapo kwanza ni usalama: zungumza na kila mmoja peke yake, mjue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu nanyi, na namba 116 kwa ajili ya mtoto. Nimewahi kuona mshauri aking'ang'ania kuwakutanisha watu kwa sababu kitabu kimesema hivyo, na aliyeumia hakuwa mshauri.

Na mtajaribiwa kila siku. Mteja atakupigia usiku: "Usimwambie mume wangu, lakini..." Mimi nawaambia mapema, tangu kikao cha kwanza, kwamba siri ya mmoja dhidi ya mwenzake siibebi, na namna tutakavyoshughulika nayo tunakubaliana wote. Wengine huudhika, wachache huondoka. Siku hizi ujumbe unapita pia kwa simu ya mtoto. Baba yuko Muscat kikazi, mama yuko Tanga, hawasemezani, na binti wa miaka 13 anapokea sauti za baba kwenye WhatsApp na kumchezea mama jikoni. Anachagua ipi amchezee na ipi aifute. Teknolojia imebadilika, machicha bado anabaki nayo mtoto.

Watu huniuliza kama taaluma hii ni ya kigeni. Huwa namkumbuka Bibi Somo. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza, na kazi yao imefanyiwa utafiti na kuheshimiwa duniani. Sisi tulikuwa na makungwi, wazee wa ukoo, mshenga ambaye kazi yake haikuishia kwenye posa. Siwapambi; wapo waliomwambia mwanamke avumilie mpaka akafia humo. Lakini Bibi Somo alijua jambo ambalo mimi lilinigharimu ada ya miaka miwili Nairobi: kwanza mtoe mtoto.

Nimebakiwa na jambo moja, ndipo nikae.

Mwaka 2013 baba alilazwa. Nilikuwa nimekuja na basi la asubuhi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekonda, lakini akili yake timamu. Mama alikuwa ametoka kwenda kusuuza vyombo. Baba akanishika mkono, akaangalia dirishani, vilevile alivyokuwa anaangalia barabara zamani, akasema, "Mwambie mama yako..."

Miaka 27. Na mwili wangu ulikuwa tayari umeshainuka kwenda.

Nikakaa tena. Nikamwambia, "Baba, mama yuko hapo nje. Ngoja nimwite."

Akanitazama, kisha akatikisa kichwa kukubali. Nikatoka, nikampokea mama vyombo, nikamwambia baba anamwita. Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia. Mimi nikakaa kwenye benchi la ukumbini, bakuli na vijiko mapajani, karibu saa nzima. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ningeinama kidogo ningesikia.

Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaketi karibu yangu, akachukua vijiko, akaanza kuvifuta kimoja kimoja. Hakuniambia walichosema, nami sijamuuliza mpaka leo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.